Ni Nani Ana Haki ya Kusema Hajui

Jumanne, 16 Julai

Leo mtu mzima amesimama mbele ya shule nzima akasema hajui, na shule nzima ikampigia makofi.

Anaitwa Daktari Mabaso, mwanamke kijana kutoka kwenye yale masahani makubwa yanayosikiliza nyota huko nyikani. Alitueleza kuhusu shimo jeusi: nyota kubwa inakufa, inaangukia ndani yake yenyewe, inajishindilia mpaka hata mwanga hauwezi kutoka. Deswin Jantjies, ambaye huuliza maswali ili watu wacheke, akapaza sauti: "Sasa Daktari, hiyo nyota yote imekwenda wapi? Humo ndani kuna nini?"

Watu wakacheka. Daktari hakucheka. Alifikiri kwanza, kisha akasema, "Hatujui. Hesabu zetu zinaingia mlangoni, zinakwenda kidogo, halafu zinavunjika. Vitu vikisongwa kiasi hicho vinageuka kuwa nini, hakuna mtu duniani anayejua."

Makofi. Hata mwalimu mkuu alipiga. Mimi nilikuwa na swali limenijaa kooni, lakini mkono wangu ulikataa kuinuka, kama kawaida yake.

Jumatano, 17 Julai

Meneer Beukes, anayetufundisha hisabati na sayansi, ametangaza maonyesho ya sayansi ya wilaya. Wawili watakaofanya vizuri watakwenda Kimberley, kwenye maonyesho ya jimbo. Nilimpa mada yangu kwenye kikaratasi, maana kuisema mbele ya darasa nisingeweza: Kilichomo ndani ya shimo jeusi.

Alisoma, akanitazama juu ya miwani. "Elzetta Klazen. Wewe unayeogopa hata kuomba ruhusa ya kwenda chooni?"

"Ndiyo, Meneer."

"Haya. Shule hii haijawahi kupeleka mtoto Kimberley. Usiniangushe."

Sidhani kama kuna mwalimu bora kuliko yeye katika nyika hii yote ya Karoo.

Alhamisi, 18 Julai

Bomba la maji limeganda kwa baridi. Hakuna jipya.

Jumamosi, 20 Julai

Msimu wa kukata sufu umeanza. Nilimpelekea Baba chakula bandani. Yeye si mkataji, ni mshindiliaji. Sufu inatupwa ndani ya mashine, inashindiliwa, inaongezwa, inashindiliwa tena, mpaka rundo lililojaza nusu ya banda linakaa ndani ya gunia moja la nailoni. Kisha gunia linashonwa na kupigwa alama: jina la shamba, aina ya sufu, uzito. Linakuwa robota, na ukiligonga unadhani ni jiwe.

Nilisimama pale na sahani ya Baba mkononi nikaliona shimo langu jeusi.

Daktari alisema kwamba ukiwa nje ya shimo jeusi unaweza kujua mambo matatu tu: uzito wake, mzunguko wake, na chaji yake ya umeme. Mengine yote yamefungiwa. Nami nitatengeneza robota dogo la ukubwa wa mto wa kulalia. Watu watalipima kwa mizani. Nitalining'iniza kwa kamba, walizungushe. Na kwa ukavu wa hewa hii yetu, ukilisugua kwa sweta litatoa cheche na kuvuta nywele. Uzito, mzunguko, chaji. Ndani kuna nini? Hatujui.

Baba alisikiliza mpaka mwisho huku akitafuna. "Na alama utaiweka upande gani?"

"Halina alama, Baba."

"Robota bila alama?" Akaacha kutafuna. "Mwanangu, robota bila alama halitoki bandani. Watasema sisi ni wezi."

"Ndiyo maana yake, Baba. Hatuwezi kuandika alama kwa sababu hatujui kilichomo."

"Basi andika chochote. 'Mchanganyiko.' Lakini andika."

Jumamosi, 27 Julai

Baba amenishindilia robota. Ili niweze kusema bila uongo kwamba sijui kilichomo, tulimwomba bibi yangu, Ouma Siena, atie kitu katikati ya sufu wakati mimi nimesimama nje nimegeukia ukuta. Aliapa hatamwambia mtu. Alitoka akitabasamu sana. Sikulipenda tabasamu lile.

Jumatatu, 29 Julai

Upepo. Vumbi mpaka kwenye meno.

Ijumaa, 2 Agosti

Nimesoma vitabu vitatu vya maktaba na kimoja alichoniazima Meneer. Vyote vinasema kwamba katikati ya shimo jeusi kuna nukta ndogo kuliko kitu chochote, yenye msongamano usio na kikomo. Nikasoma tena polepole. Hiyo "isiyo na kikomo" haikupimwa na mtu. Inatokea pale hesabu inapojikuta inagawanya kwa sifuri. Nilipogawanya kwa sifuri mwaka jana, Meneer Beukes alinikata alama mbili na kuandika kwa wino mwekundu: Hili si jibu! Sasa iweje kosa langu la darasa la tisa liwe maelezo ya ulimwengu?

Wataalamu wenyewe wanasema hivyo, ukiwasoma mpaka ukurasa wa mwisho. Atomi zinapondwa. Vilivyomo ndani ya atomi vinapondwa. Baada ya hapo kuna kubahatisha tu. Huenda kuna aina ya maada ambayo haina hata jina. Huenda neno "maada" lenyewe linakoma kuwa na maana.

Jumamosi, 3 Agosti

Nimeaibika, na nina hasira hata kalamu inatoboa karatasi.

Nilikwenda bandani. Deswin, anayefagia sufu za sakafuni siku za Jumamosi, aliponiona tu akaziba mdomo kwa viganja. "Jamani jihadharini! Zettie amekuja! Nyota yake haijamng'ata mtu leo?"

Banda zima likaangua kicheko. Wakataji walisimamisha mikasi.

"Una maana gani?" nikauliza.

"Kwani hujui? Meno ya babu yako, marehemu Oupa! Yamo humo kwenye robota! Daktari anatafuta kilichomo ndani ya shimo jeusi, kumbe ni meno ya bandia!"

Nilikimbia nyumbani. Ouma alikuwa anakanda unga.

"Ouma, umemwambia nani?"

"Sijamwambia mtu, mtoto wangu. Nilimwambia Dada Katriena tu."

"Dada Katriena wa kwaya?"

"Nilimwambia ni siri."

"Ouma! Kwaya nzima inajua! Banda zima linajua! Mimi peke yangu ndiye niliyekuwa sijui!"

"Basi si ndivyo ulivyotaka?" akasema, na kwa kweli alikuwa ameshangaa. "Ulisema wewe usijue. Hukujua."

Nilijifungia chumbani. Nina bibi ambaye hata mwanga ukiingia kwake unatoka na habari.

Jumapili, 4 Agosti

Sikwenda kanisani. Nisingeweza kuitazama kwaya.

Nimewaza sana. Ningefungua robota, nikamwomba mtu mwingine atie kitu kingine, naye angejua. Ningewaomba watu ishirini watie vitu gizani, kila mmoja angejua chake. Hakuna robota linaloweza kushindiliwa bila mshindiliaji. Hapo ndipo mfano wangu unaposhindwa, na naona kushindwa kwake ndiko sehemu nzuri kuliko zote. Katika shimo jeusi hakuna Ouma. Hakuna Dada Katriena wa kuulizwa. Kutojua kule si siri ambayo mtu ameficha mahali. Sijawahi kuwaza kitu kikubwa hivyo nikiwa nimefura macho kwa kulia.

Nimeandika chini ya ubao wangu wa maonyesho: Kasoro ya mfano huu: yupo mtu anayejua. Na juu, kwa herufi kubwa, hitimisho: HATUJUI.

Jumanne, 6 Agosti

Meneer ameuona ubao. Alisifu mchoro, akasifu mizani, kisha akagonga neno HATUJUI kwa kidole. "Na hili?"

"Ni hitimisho, Meneer."

"Hitimisho ni jibu, Elzetta. Hapa sioni jibu. Kamalize kazi."

Jumatano, 7 Agosti

Sikubadilisha.

Alhamisi, 8 Agosti

Sikubadilisha. Meneer hakusema kitu. Labda ameelewa.

Jumatano, 14 Agosti

Hakuelewa.

Leo asubuhi nilikuta amebandika ukanda wa karatasi nyeupe juu ya neno langu. Umechapwa kwa mashine ya ofisini: NDANI YA SHIMO JEUSI KUNA NUKTA YENYE MSONGAMANO USIO NA KIKOMO. Gundi ilikuwa bado mbichi. Nilisimama pale nikahisi masikio yanawaka moto.

Nilimngoja mpaka darasa likaisha. Sijui nilipata wapi sauti.

"Meneer, ile si kweli."

"Imo kitabuni."

"Ni kugawanya kwa sifuri, Meneer. Wewe mwenyewe ulinikata alama."

Nikadhani nimemshinda. Kisha akafunga mlango, akakaa juu ya dawati la mwanafunzi. "Nisikilize, msichana. Nani alikufundisha kusema hatujui?"

"Daktari Mabaso. Mlimpigia makofi. Wewe pia, Meneer, nilikuona."

"Ndiyo. Daktari. Ana shahada tatu. Akisema hajui, watu wanasema tazama unyenyekevu wake. Mtoto wa daktari akisema hajui, watasema ana akili ya kudadisi. Mtoto wa mshindilia sufu akisema hajui, watasema nini?"

Akajijibu mwenyewe.

"Watasema hajui. Basi. Watafunga daftari na kuhamia meza ya pili. Nimewaona wakifanya hivyo miaka yote niliyopeleka watoto kwenye maonyesho ya wilaya. Sitaki wakufanyie wewe. Ukanda ule unabaki."

Nimetembea mpaka nyumbani dhidi ya upepo nikiongea peke yangu kama mwehu. Tuliambiwa simu za mkononi zinyamaze ili yale masahani yasikie vizuri, tukanyamaza. Mji mzima ulikubali kukaa kimya kwa ajili ya swali. Masahani yako kwenye ardhi yetu, kimya ni chetu, lakini kutojua kwenyewe si kwetu? Hata kutojua kuna wenyewe? Mtu aruhusiwe kwanza, apewe cheti, ndipo aweze kusema hajui?

Na kinachoniuma zaidi ni kwamba Meneer hakunidanganya. Naamini ameyaona hayo. Ameyaona, na dawa aliyoipata ni kunifundisha kudanganya.

Alhamisi, 15 Agosti

Simtazami. Ananiita, najibu, simtazami.

Jumapili, 18 Agosti

Jana mchana mawingu yalishuka kutoka kusini, na jioni mvua ya baridi ikaanza, ile inayoua. Kondoo wa malisho ya mji wamenyolewa wiki hii, ngozi tupu. Kondoo aliyenyolewa akilowa kwenye baridi ile, kufika asubuhi amekauka kama gogo. Tulikuwa nao kumi na mmoja. Ndio akiba yetu yote.

Watu walikimbia huku na huku na kondoo mabegani, na mabati ya kujikinga hayakutosha. Ghafla mtu akapaza sauti kwamba ukumbi wa shule uko wazi. Meneer Beukes alikuwa ameufungua bila kumuuliza mwalimu mkuu. Alisimama mlangoni na taa, akipiga kelele, "Ingizeni! Sukumeni! Jantjies, acha kucheka, shika huyo!" Usiku ule kondoo walijaa kati ya viti na piano. Meneer alipiga magoti kwenye mavi kwa suruali yake ya kanisani, akimkausha mwanakondoo wetu kwa koti lake mwenyewe.

Nilitaka kuendelea kumchukia. Niliweza, lakini kwa shida.

Nilimsaidia kusugua. Baadaye nikasema, bila kumtazama, "Meneer, wewe unajua kilichomo ndani?"

"Najua kilichoandikwa."

"Sikuuliza hivyo, Meneer."

Aliendelea kusugua. Mwanakondoo alitetemeka, akatulia, akatetemeka tena.

Kondoo wetu wawili wamekufa. Wa Deswin wote wamepona, na leo hajafanya mzaha hata mmoja. Alikuja kumsaidia Baba kuzika.

Jumanne, 20 Agosti

Mwalimu mkuu amemfokea Meneer mbele yetu kwa sababu ya sakafu ya ukumbi. Watu wazima wengine sijui wametengenezwa kwa kitu gani.

Jumamosi, 24 Agosti

Maonyesho.

Tuliondoka alfajiri kwa gari la Meneer, mimi, robota, na Deswin na mfano wake wa kisima. Ukumbi wa mji wa wilaya una mazulia. Kwenye meza ya kushoto kwangu alikuwapo mvulana wa shule ya bweni, amevaa koti lenye nembo, na kifaa cha kuvuna umeme wa upepo. Alikuwa na adabu, alinisaidia kufunga kamba.

Majaji walikuwa watatu, mkuu wao Bwana Nortjé, mzee mwenye sauti nzuri. Walianza na yule mvulana. Bwana Nortjé akamuuliza kwa nini mabawa yake yalitetemeka upepo ukizidi. Mvulana akakuna kichwa. "Kusema kweli, Bwana, sijui. Nimejaribu kila kitu."

Bwana Nortjé akacheka kwa furaha, akawageukia wenzake. "Mnasikia? Hivyo ndivyo mwanasayansi anavyosema!" Wakaandika.

Nilimtazama Meneer, aliyekuwa amesimama ukutani. Yeye pia alisikia. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi.

Wakaja kwangu. Mkono wangu, ule mkono unaokataa kuinuka darasani, uliinuka wenyewe ukabandua ule ukanda mweupe. Ulitoka na kipande cha ubao, lakini neno langu lilibaki likisomeka. Nilieleza uzito. Nilieleza mzunguko. Nilisugua robota, nywele za jaji mmoja zikasimama, akacheka. Kisha Bwana Nortjé akasema, "Vizuri sana, binti. Na ndani, hiyo nyota iliyoshindiliwa imekuwa nini?"

"Hatujui, Bwana."

Alitabasamu kwa huruma. "Umesahau? Usiogope. Vuta pumzi."

"Sijasahau."

"Chukua muda wako."

"Bwana, sijasahau. Hakuna anayejua. Hesabu zinafika mahali zinagawanya kwa sifuri. Watu wanaandika nukta isiyo na kikomo, lakini hiyo ni alama tu iliyopigwa nje ya robota. Hakuna aliyefungua."

Nilifika mwisho. Alinigusa bega, akasema, "Mwaka ujao ujiandae vizuri zaidi," na wakahamia meza ya pili. Kama Meneer alivyosema. Hatua kwa hatua kama alivyosema.

Walipotoa karatasi za alama, yangu ilikuwa imeandikwa: Hakujiandaa. Hajui mada yake. Mvulana wa upepo anakwenda Kimberley. Nilitaka ardhi inimeze, na hapohapo nilitaka kupindua meza.

Meneer aliisoma karatasi yangu. Akaisoma tena. Kisha akavuka ukumbi mzima kwenye lile zulia, akasimama mbele ya Bwana Nortjé.

"Samahani, Bwana. Yule kijana alisema hajui, mkafurahi. Huyu wangu amesema hajui, mkasema hakujiandaa. Nifafanulie tofauti."

"Meneer Beukes, tusifike huko. Kijana hakujua jambo dogo. Binti hakujua jambo lenyewe."

"Jambo lenyewe ndilo lisilojulikana!"

"Kitabuni limo."

"Hata mimi nilimwambia hivyo!" Meneer alikuwa anapiga kelele sasa, watu wakageuka. "Nilimwambia hivyohivyo, na nilikosea!"

"Tafadhali usinifokee."

Deswin alinong'ona, "Zettie, leo Meneer anapigana," na safari hii hakuwa anatania.

Hatukushinda chochote. Njiani Meneer aliendesha mikono yote miwili ikiwa kwenye usukani. Tulipokaribia nyumbani akasema, "Ule ukanda. Sikupaswa." Nilisema, "Ndiyo, Meneer." Sikusema si kitu, maana ni kitu.

Jumatatu, 26 Agosti

Ouma ameiambia kwaya kwamba nilionewa. Kwa mara ya kwanza nimefurahi kwamba hawezi kunyamaza.

Ijumaa, 30 Agosti

Msimu umekwisha. Marobota yamepakiwa kwenye lori, yote na alama zake. Baba amelala toka saa saba mchana.

Jumanne, 3 Septemba

Leo katikati ya somo la jiografia niliitwa ofisini. Meneer Beukes alikuwa amesimama kando ya meza, na mkono wa simu umelazwa juu ya karatasi. Aliuziba kwa kiganja.

"Ni Bwana Nortjé. Mshiriki mmoja amejitoa. Nafasi ya Kimberley ni yako."

Nilifungua mdomo nimshukuru.

"Kwa sharti," akasema. "Hitimisho lirekebishwe. Liandikwe kama lilivyo kitabuni. Anasema ni sentensi moja tu."

Sijawahi kufika Kimberley. Sijawahi kulala kwenye nyumba yenye ghorofa. Nilimuwaza Baba, na wale kondoo wawili, na jinsi ambavyo angewaambia watu wa bandani kwamba binti yake amekwenda Kimberley.

"Sikusukumi," Meneer akasema. "Ukisema ndiyo, nitakupeleka mwenyewe na sitakulaumu. Nilikuwa wa kwanza kukutaka useme hivyo."

"Hapana," nikasema.

"Sema tena, asikie."

"Hapana!" Katibu alinyanyua kichwa kutoka kwenye mashine yake. Sijawahi kupaza sauti hivyo ndani ya ofisi ya shule, wala mahali pengine.

Meneer aliitikia kwa kichwa, akaniashiria nirudi darasani. Nilitoka, lakini nilisimama nje ya mlango nisikilize. Nilimsikia akiinua simu.

"Amekataa, Bwana… La, hakusahau." Akangoja. Sauti ya upande wa pili ilisema maneno mengi. Kisha Meneer akasema, polepole, kama anavyosema anapotaka mjinga wa mwisho darasani aelewe:

"Hajui, Bwana. Na mimi sijui. Na wewe hujui."

Akakata simu.